Goma: Mitaa ya biashara iliyozikwa na lava ikakataa kuhama

Mgeni anayetaka kuijua historia ya biashara ya mji wa bandari kwa kawaida huinua macho. Mombasa ataonyeshwa roshani za mbao za Mji wa Kale. Zanzibar ataonyeshwa milango ya kuchonga yenye njumu za shaba. Bukavu, kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, ataonyeshwa majengo ya mtindo wa Art Deco yaliyoachwa na Wabelgiji. Akipanda meli na kufika Goma, ncha ya kaskazini ya ziwa hilo hilo, atalazimika kutazama chini.

Chini ya Boulevard Kanyamuhanga, barabara kuu ya biashara ya mji huo ulio mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, kuna barabara nyingine. Kuna sakafu za maduka, vizingiti vya milango na kuta za maghala zilizofunikwa na lava ya mlima Nyiragongo mnamo Januari 17, 2002. Maduka ya leo yamesimama juu yake.

Ndiyo maana Goma ni mji mgumu kwa anayetafuta majengo ya kale, lakini ni mwepesi kwa anayetafuta mitaa ya kale. Kuta zimeungua, zimeporwa, zimefunikwa. Njia za biashara zinazotoka ziwani kwenda mpakani hazijasogea. Swali lililobaki ni nani anayetunza kumbukumbu ya kilichokuwepo, na kama mitaa hiyo iliyoishinda volkano itaishinda pia miaka hii ya vita.

Ziwa upande mmoja, mpaka upande mwingine

Goma haikuanza kama soko. Ilianza kama kituo cha askari. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wabelgiji waliweka kituo chao kaskazini mwa Ziwa Kivu, wakitazamana na Wajerumani waliokuwa Gisenyi, katika Rwanda ya leo. Wengi husimulia kwamba jina la mji linatokana na neno ngoma, lililotamkwa vibaya na wageni hao.

Pande hizo mbili ziligombania ardhi ya Kivu hadi mwaka 1910, mpaka ulipokubaliwa mjini Brussels. Utulivu haukudumu. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walikiteka kisiwa cha Idjwi kilicho katikati ya ziwa, na mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yalivuka kuingia Rwanda. Baada ya vita, Rwanda na Burundi ziliwekwa chini ya Ubelgiji. Mpaka uliokuwa ukilindwa kwa bunduki ukawa mstari kati ya nchi mbili zenye bwana mmoja, na wafanyabiashara wakaanza kuupita kila siku.

Mahali penyewe palifaa. Ziwa Kivu liko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mto Rusizi unaolitoa maji yake kusini haupitiki kwa meli. Meli za Kivu kwa hiyo ni za Kivu tu: hubeba mali kutoka pwani moja ya ziwa hadi nyingine. Goma ndipo ziwa linapokutana na barabara ya Rutshuru inayoelekea Uganda, barabara ya Sake inayopanda Masisi, na njia ya kuingia Rwanda. Kahawa na pareto ziliteremka kutoka milimani pamoja na viazi, maharage na jibini. Ndizi na mananasi yalitoka Idjwi. Nguo, chumvi, sabuni na vyombo vilipanda.

Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, iliongeza mteja wa aina nyingine: mtalii. Hoteli zikajengwa, ikiwemo ile ya Grands Lacs. Karibu na maji, chini ya Mont Goma, kilima kidogo cha volkano kilicho ukingoni mwa ziwa, mji wa Wazungu ulipata bandari, ofisi na bustani.

Maduka yaliyobadilisha wenyewe

Kama ilivyokuwa katika miji mingine ya Congo ya Wabelgiji, mitaa ya Goma iligawanywa. Wazungu walikaa karibu na ziwa. Waafrika walikaa nyuma, na mtaa wao uliojulikana zaidi ni Birere, uliobana kwenye mpaka wa Rwanda. Kwa masimulizi ya mji, jina Birere linatokana na majani makavu ya migomba yaliyoezekea nyumba za mwanzo. Kati ya pande hizo mbili ndipo palipokuwa na maduka.

Duka la kawaida la enzi hiyo katika miji ya Congo lilikuwa la chini, lenye baraza mbele, kaunta ndani, ghala nyuma na makazi ya mwenye duka uani au ghorofani. Kivu ilikuwa na wafanyabiashara Wabelgiji, Wagiriki na watu wenye asili ya Asia. Mwafrika aliingia mlango wa mbele kama mteja na wa nyuma kama mchukuzi.

Hali hiyo iligeuka ghafla Novemba 30, 1973. Rais Mobutu Sese Seko alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatakabidhiwa kwa raia wa Zaire. Kotekote nchini maduka yalipewa watu wenye uhusiano na chama na serikali, wengi wao wakiwa hawajawahi kuagiza hata kreti moja ya sabuni. Walichokikuta dukani walikiuza, kilipokwisha, walifunga. Mwaka 1976 serikali ilirudi nyuma na kuruhusu wageni kurejeshewa sehemu ya mali zao, lakini wengi walikuwa wameondoka na hawakurudi.

Mitaa hiyo ilibaki na majengo yake huku wenye majengo wakibadilika. Mwaka 1976 pia ulileta Jumuiya ya Uchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, iliyounganisha Zaire, Rwanda na Burundi. Makao yake makuu yaliwekwa Gisenyi na benki yake ya maendeleo ikawekwa Goma, kwa maana makao na hazina vilitenganishwa na mpaka unaovukwa kwa miguu. Mwaka 1988 mkoa wa Kivu uligawanywa mara tatu, na Goma ikawa makao makuu ya Kivu Kaskazini.

Kisha ukaja Julai 1994. Baada ya mauaji ya kimbari nchini Rwanda, watu wanaokaribia milioni moja walivuka mpaka kwa siku chache na kuijaza Goma na viunga vyake. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu. Mabaraza ya maduka yakawa malazi. Novemba 1996 mji uliangukia mikononi mwa waasi wa Laurent-Désiré Kabila, na Agosti 1998 ukawa makao ya waasi wa RCD. Waasi hao ndio waliokuwa wakitawala Goma mlima ulipopasuka.

Siku lava ilipopita dukani

Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470, uko chini ya kilomita 20 kutoka katikati ya mji. Kileleni mwake hukaa ziwa la lava. Januari 10, 1977 ziwa hilo lilimwagika lote kwa muda usiozidi saa moja, likaua watu vijijini, lakini lava ilikomea kaskazini mwa mji. Kwa robo karne wenye maduka waliamini kwamba katikati ya mji ni salama.

Asubuhi ya Januari 17, 2002 ardhi ilipasuka upande wa kusini wa mlima, na nyufa zikateremka kuelekea mjini. Lava ilifunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia ndege, ikaingia mitaa ya biashara na kuendelea mpaka ziwani. Ilikwenda polepole kiasi cha watu wengi kuweza kuikimbia kwa miguu, ila haikuacha kitu kilichosimama njiani. Watu zaidi ya 100 walikufa. Majengo yapatayo 4,500 yaliharibiwa, watu wapatao 120,000 wakabaki bila makazi, na sehemu inayokadiriwa kuwa asilimia 13 ya mji ikafunikwa. Watu mamia kwa maelfu walivuka kwenda Gisenyi.

Vifo vingine vilikuja siku nne baadaye, wakati lava tayari imesimama. Kituo cha mafuta kilichozungukwa na lava yenye joto kililipuka, na makumi ya watu waliokuwa wamekwenda kuchota mafuta walikufa papo hapo.

Hasara ya mitaa ya biashara haikuwa ya kuta peke yake. Katika mji ambao benki haziaminiki, mtaji wa mfanyabiashara hukaa ghalani: magunia ya unga, mabunda ya vitenge, mabati, misumari, betri. Bima haikuwa jambo la kawaida. Aliyekuwa tajiri asubuhi alilala kwenye shamba la mtu upande wa pili wa mpaka, akiwa na funguo za duka ambalo halipo.

Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliungua pia, na magofu yake yalibaki miaka mingi yakiwa yamezungukwa na mawe meusi. Kwa anayetaka alama moja ya Goma ya zamani, ndiyo iliyokuwa rahisi kuipata. Maduka hayakuachiwa magofu. Mahali pake palihitajika kabla mawe hayajapoa.

Ghorofa ya kwanza ikawa duka

Zilijadiliwa hoja za kuuhamisha mji. Wataalamu walikuwa na sababu zao: volkano juu, ziwa chini, na ndani ya ziwa hilo kilomita za ujazo zipatazo 300 za gesi ya kaboni na 60 za methani. Lakini siku chache tu baada ya lava kupita, wakazi walikuwa wamesharudi, na wengine walivuka juu ya lava yenye joto wakiwa wamebeba magodoro. Waliporudi, jambo la kwanza lilikuwa kujua kiwanja cha nani kiko wapi.

Matingatinga yalisawazisha njia juu ya mawe. Katika sehemu ambazo lava ilikuwa na unene wa mita mbili au zaidi, barabara mpya ilipita usawa wa madirisha ya zamani. Jengo la ghorofa lililobaki limesimama lilipata maisha ya pili: duka la chini lilizikwa, na chumba cha ghorofa ya kwanza kikafunguliwa mlango wa barabarani. Palipokuwa na ngazi ya kupandia pakawa na kizingiti. Mteja aliyekuwa akipanda kwenda ofisini kwa mwenye duka sasa aliingia moja kwa moja kutoka mtaani.

Mahali ambapo hakuna kilichobaki, watu walijenga kwa kile kilichowaangamiza. Jiwe la lava huvunjwa kwa nyundo, huchongwa na kupangwa kwa saruji, na kutoa ukuta mweusi wenye mistari ya kijivu unaoonekana kila kona ya Goma. Mwenye pesa kidogo alijenga kwa mbao, kwa sababu mbao husimama juu ya mawe bila kuchimba msingi na huhamishika. Kuvunja mawe kukawa kazi ya familia nzima.

Fedha nazo zilibadilika sura. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda kwa kasi duniani, na Goma ikajaa ofisi za kununua madini. Bei hiyo ilishuka upesi, lakini biashara ya madini iliendelea, na baada ya lava sehemu ya faida yake ikageuka kuwa saruji na vioo. Mashirika ya misaada na ujumbe wa Umoja wa Mataifa yalipandisha kodi za nyumba. Kwenye viwanja vya maduka ya baraza yakaota majengo ya ghorofa nne na tano, hoteli, na vituo vya biashara vyenye vigae vinavyong'aa. Mji ambao mwaka 2002 ulikuwa na watu wapatao 400,000 leo una zaidi ya milioni moja.

Mwaka 2009, kwenye mmoja wa mizunguko ya barabara za mji, ilisimamishwa sanamu ya rangi ya dhahabu ya chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo Kivu huitumia kubebea viazi, makaa, maji na mbao. Miji mingi huwasimamishia sanamu majenerali. Goma ilikisimamishia chombo cha mchukuzi.

Birere, ghala lisilo na paa moja

Anayetaka kuona jinsi biashara ya zamani ilivyofanywa kabla ya vioo na vigae anakwenda Birere. Vichochoro ni vyembamba kiasi cha mtu wawili kupishana kwa bega. Duka la mita mbili kwa tatu huuza kwa jumla, na mali ambayo haionekani ipo nyumba ya pili au ya tatu nyuma. Wabadilisha fedha hukaa na mabunda ya faranga za Congo na za Rwanda na dola za Marekani, wakikagua noti moja moja, kwa kuwa noti ya dola yenye kichaniko kidogo Goma haipokelewi.

Birere inaishi kwa sababu ya kivuko cha Petite Barrière, hatua chache kutoka madukani. Kabla ya janga la Covid-19, watu wanaokadiriwa kufikia 50,000 walivuka hapo kwa siku, wengi wao wanawake wanaobeba nyanya, samaki, unga na vitenge kichwani. Watu wenye ulemavu walijijengea nafasi yao katika biashara hiyo kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazobeba magunia mengi, kazi iliyowapa kipato na heshima mtaani.

Mtaa huo hauna mlinzi dhidi ya moto. Nyumba ni za mbao, zimeshikana, nyaya za umeme zimepita ovyo na gari la zimamoto halina njia. Kila baada ya muda sehemu ya Birere huungua, na mabati mapya huezekwa juu ya mabaki. Kwa hiyo hata mtaa huu, ambao mpango wake wa vichochoro ni wa zamani kuliko majengo mengi ya Goma, una kuta za juzi.

Bandari iliyotawanyika

Upande wa ziwa, bandari ya zamani haikufa; ilitawanyika. Huduma za serikali zilipodhoofika tangu miaka ya 1990, wenye meli na boti walitafuta magati yao wenyewe, na wachuuzi wakafuata mahali boti zinapotua. Meli za mwendo kasi hufika Bukavu kwa saa chache, nyingine husafiri usiku kucha. Barabara ya nchi kavu kati ya miji hiyo miwili ni ya kilomita zipatazo 200, mbovu, na mara nyingi imekatwa na mapigano.

Boti za mbao hutua Kituku, mtaa wa Kyeshero, magharibi mwa mji. Pale ziwa, soko na kisima ni kitu kimoja. Goma haina mito, kwa sababu maji ya mvua huzama ndani ya miamba ya lava, hivyo watu huchota maji ziwani kwa madumu ya njano pembeni ya boti zinazopakua ndizi, maharage na makaa.

Oktoba 3, 2024, boti iitwayo Merdi iliyotoka Minova ilizama ikiwa karibu kufika Kituku, watu wa nchi kavu wakiitazama. Gavana wa Kivu Kusini alisema ilikuwa na watu 278 na kwamba wasiopungua 78 walikufa. Barabara ya Minova ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita kati ya jeshi na waasi wa M23, na mali yote pamoja na abiria wote walikuwa wamehamia majini. Ajali hiyo ilionyesha gharama ya biashara kurudi kwenye njia yake ya zamani bila vifaa vya njia hiyo: gati la maana, orodha ya abiria, mizani ya mizigo, jaketi za kuokolea.

Karatasi ndizo kuta

Zanzibar, jumba la Beit al-Ajaib lilipoporomoka kwa sehemu Desemba 25, 2020, kulikuwa na michoro, picha na sheria za Mji Mkongwe, uliowekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Jengo linaweza kujengwa upya kwa sababu linajulikana lilivyokuwa. Goma haikuwa na akiba ya namna hiyo. Sehemu kubwa ya picha na ramani za enzi za ukoloni za Congo zimehifadhiwa Ubelgiji, hasa katika jumba la makumbusho la Tervuren karibu na Brussels. Picha za baadaye zilikuwa kwenye albamu za familia, na albamu nyingi ziliungua pamoja na nyumba.

Jambo hili lina uzito wa fedha. Kwa sheria ya ardhi ya Julai 20, 1973, ardhi yote ya Congo ni mali ya serikali. Raia hupewa haki ya kuitumia, na ushahidi wake mkuu ni cheti cha usajili. Cheti hicho kikishapita miaka miwili bila kupingwa, huwa na nguvu ambayo ni vigumu kuitikisa mahakamani. Kwenye mtaa ambao mawe ya mipaka, uzio, miti na jengo lenyewe vyote vimefunikwa, karatasi ndiyo iliyobaki kuwa ukuta. Asiye nayo hutegemea kumbukumbu ya jirani: duka la fulani lilianza hapa, choo chake kilikuwa pale. Jirani akifa au akihama, ushahidi umekwenda naye.

Tangu mwaka 2002 Goma imetawaliwa na RCD, serikali ya mpito, serikali ya Kinshasa na M23 mara mbili, ya kwanza kwa siku chache Novemba 2012. Kila utawala una mihuri yake. Mjane au yatima anayedai kiwanja cha mzazi katikati ya mji hujikuta akihitaji kuthibitisha mambo matatu kwa pamoja: kwamba mzazi alikuwepo, kwamba duka lilikuwepo, na kwamba aliyetia sahihi alikuwa na mamlaka siku hiyo.

Kazi ya kuzuia hasara hiyo haihitaji mabilioni. Picha za familia zilizosalia zinaweza kukusanywa na kupigwa nakala. Wazee waliouza, walioshona na waliopakua meli kwenye mitaa hiyo kabla ya 2002 wanaweza kuchora ramani ya nani alikuwa mlango gani. Majengo machache yaliyobaki na sakafu ya chini iliyozikwa yanaweza kupimwa na kupigwa picha kabla hayajavunjwa kupisha vigae. Kwa kila mwaka unaopita, wanaoweza kuifanya kazi hiyo wanapungua.

Kilichoshindwa na lava

Usiku wa Mei 22, 2021 mlima ulipasuka tena. Watu 32 walikufa na maelfu ya nyumba yakaharibiwa, lakini lava ilisimama Buhene, kwenye mlango wa mji. Siku tano baadaye mamlaka iliamuru sehemu kubwa ya Goma ihamwe kwa hofu ya mlipuko wa pili, na watu wapatao 400,000 wakaondoka kuelekea Sake, Rwanda na Bukavu. Katikati ya mji palikuwa na maduka mazima yaliyofungwa kufuli, bila mtu. Wanasayansi wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma walikuwa wamekaa miezi kadhaa bila fedha, hata za kulipia intaneti ya vipimo vyao. Wakazi walirudi tena.

Mtihani wa sasa hautoki mlimani. Mpaka ulifungwa kwa watembea kwa miguu mwaka 2020 kwa sababu ya Covid-19. Juni 2022, baada ya askari wa Congo kuuawa kwa risasi katika kivuko cha Petite Barrière, Congo iliamua mpaka ufungwe saa tisa alasiri, na mwanamke aliyezoea kuvuka mara tatu kwa siku akabaki na safari moja. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliuteka mji baada ya mapigano yaliyoua watu wengi. Maghala yaliporwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na benki zikafunga milango. Noti zikawa adimu, na biashara nyingi zikahamia kwenye fedha za simu na mikopo ya kuaminiana.

Lava ilipopita, ilikwenda zake. Iliacha mawe, na mawe yana matumizi. Mpaka unaofungwa na benki isiyo na fedha haviachi kitu cha kujengea. Hata hivyo, maduka ya Kanyamuhanga na vibanda vya Birere vinategemea mambo mawili ambayo hakuna utawala uliowahi kuyahamisha: ziwa liko pale, na mji mwingine uko upande wa pili wa mstari. Maadamu hayo yapo, mtu atatafuta kiwanja kati yake. Na fundi atakayechimba msingi wa duka lake atakutana kwanza na lava, na chini ya lava, sakafu ya mtu mwingine aliyefikiri hivyo hivyo.